Saratani ya tezi dume ambayo haijatoka nje ya tezi: HIFU (kuunguza kwa mawimbi ya sauti), kugandisha, mionzi ya siku tano, au kufuatiliwa tu?

#1 Mzizima

Wakuu, uzi huu ni wa wale ambao majibu yameshatoka, saratani ipo, na daktari amesema bado imo ndani ya tezi. Kama imeshafika kwenye mifupa au kwenye mitoki ya nyonga, matibabu yake ni mengine kabisa na haya ya hapa hayatakufaa.

Watu huanza kwa kuuliza mashine gani ni nzuri. Hilo ni swali la mwisho. Kabla yake kuna mambo manne ambayo lazima yawe yameandikwa kwenye karatasi: PSA (kipimo cha damu cha protini inayotolewa na tezi dume), ujazo wa tezi kwa mililita, Gleason (alama ya ukali wa saratani) ya kila kinyama kilichochukuliwa kwa sindano pamoja na mahali kilipotoka, na MRI inayoonyesha uvimbe uko wapi na una ukubwa gani. Kikikosekana kimoja, tiba ya kulenga sehemu tu ya tezi inafanywa kwa kubahatisha.

PSA peke yake hudanganya. Gawanya PSA kwa ujazo wa tezi. PSA ya 8 kwenye tezi ya ml 80 ni 0.10, na tezi kubwa kama hiyo yenyewe hutoa PSA nyingi bila saratani kubwa. PSA hiyohiyo ya 8 kwenye tezi ya ml 40 ni 0.20, na ikivuka 0.15 tunaanza kuitazama kwa jicho kali. Anayemeza finasteraidi au dutasteraidi kwa ajili ya tezi iliyokua, baada ya miezi sita hadi mwaka PSA yake hushuka kwa karibu nusu, kwa hiyo izidishe mara mbili kabla ya kuisoma. Wapo wanaoambiwa 3.5 ni salama kumbe ni 7. Pia usipime ndani ya siku mbili baada ya kumwaga manii au kuendesha baiskeli kwa muda mrefu, wala ndani ya wiki sita baada ya maambukizi ya mkojo au baada ya kuchukuliwa vinyama.

Gleason isomwe hivi: 3+3 ni daraja la 1, 3+4 la 2, 4+3 la 3, jumla ya 8 ni la 4, na 9 au 10 ni la 5. Mtu wa hatari ndogo ni mwenye PSA chini ya 10, daraja la 1, na uvimbe ambao kidole cha daktari kupitia njia ya haja kubwa hakiusikii au kinausikia kwenye nusu tu ya upande mmoja. Hatari ya kati ni PSA 10 hadi 20, au daraja la 2 na la 3. Zaidi ya hapo ni hatari kubwa, na huko tiba ndogondogo hazina nafasi.

MRI ifanyike kabla ya kuchukua vinyama. Kama vinyama vimeshachukuliwa, subirini angalau wiki sita hadi nane, kwa sababu damu iliyovia ndani ya tezi huchafua picha na msomaji wa picha anaweza kuita damu uvimbe, au uvimbe damu. Na si MRI yoyote ya nyonga. Iombwe ile ya tezi dume yenye picha za mtawanyiko wa maji, isomwe kwa alama ya PI-RADS, 1 hadi 5 (5 ndiyo yenye shaka kubwa ya saratani). Ripoti iliyoandikwa "tezi imekua, hakuna kingine" bila alama hiyo irudishwe kwa aliyeiandika.

Tiba ndogo inadai uchunguzi mkubwa kuliko upasuaji. Anayetolewa tezi yote haathiriki sana kama ramani ilikosea upande, maana pande zote zimekwenda. Anayeunguzwa sehemu moja, ramani ikikosea, saratani imebaki pale pale.

#2 Lakeside254

Asante sana kwa maelezo. Swali la moja kwa moja: mzee wa miaka 66, PSA 6.1, vinyama 12, viwili vina 3+3, MRI haijafanywa. Wakala wa safari za matibabu anasema aende India afanyiwe HIFU haraka kabla haijasambaa. Ni lazima?

#3 Mzizima

@Lakeside254 Kwa karatasi hiyo, hapana. Hajafika hata kwenye swali la HIFU.

Daraja la 1 kwa kawaida hufuatiliwa. Ushahidi mkubwa ni utafiti wa ProtecT wa Uingereza: wanaume 1,643 waligawanywa kwa kura, kundi moja likafuatiliwa, la pili likapasuliwa, la tatu likapigwa mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitoka mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 3.1 kwa waliofuatiliwa, 2.2 kwa waliopasuliwa na 2.9 kwa waliopata mionzi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema njia moja iliokoa zaidi. Na waliokuwemo si hatari ndogo peke yake, sehemu yao walikuwa wa hatari ya kati.

Lakini semeni na upande wa pili. Saratani ilisambaa kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, dhidi ya 4.7 na 5.0 kwa wengine. Na ndani ya miaka hiyo 15, asilimia 61 ya waliofuatiliwa walikuja kutibiwa. Kwa hiyo kufuatiliwa ni kuahirisha tiba kwa wengi na kuikwepa kabisa kwa baadhi, huku nguvu za kiume na uwezo wa kuzuia mkojo vikiendelea kuwepo miaka yote hiyo.

Jambo jingine ambalo sisi lazima tuliulize: karibu wote kwenye ProtecT walikuwa wazungu. Watu weusi hupata saratani hii zaidi. Uingereza inakadiriwa mmoja kati ya wanne, dhidi ya mmoja kati ya wanane kwa wanaume wote. Je, kufuatiliwa kunatufaa? Uchambuzi wa wanajeshi wastaafu wa Marekani uliotoka 2020 unasaidia: kwa miaka 10, saratani ilikua kwa asilimia 59.9 ya weusi na 48.3 ya weupe, lakini kusambaa kulikuwa 1.5 na 1.4, karibu sawa. Tafsiri yangu: kwa mtu wetu ratiba isilegezwe hata siku moja, lakini njia yenyewe haifungwi kwake.

Huyo mzee afanye MRI sasa, kisha vinyama vya uthibitisho ndani ya miezi 6 hadi 12 vikilenga chochote MRI itakachoonyesha. Baada ya hapo PSA kila miezi 6, kidole mara moja kwa mwaka, MRI au vinyama kila mwaka mmoja hadi mitatu kulingana na hali. Kinachomtoa kwenye ufuatiliaji ni Gleason kupanda, au uvimbe kukua kwenye MRI. PSA ikiruka mara moja, inarudiwa kwanza. Haimpeleki mtu chumba cha upasuaji.

#4 Nesi_Wodi_ya_Mkojo

Naongezea sehemu ambayo ufuatiliaji hufia huku kwetu.

Maabara. Kit za PSA za makampuni tofauti hazitoi namba ileile kwa damu ileile. Mtu anapima 5.8 hapa, miezi sita baadaye 7.0 kwingine, familia nzima inalia. Maabara iwe moja, na jina la kipimo liandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Daftari libaki kwa mgonjwa, maana faili za hospitali hupotea.

Vinyama. Ulizeni vinachukuliwa kupitia puru (mwisho wa njia ya haja kubwa) au kupitia msamba (kati ya korodani na tundu la haja kubwa). Njia ya puru hubeba vijidudu vya haja kubwa kuingia kwenye tezi na damu, na vingi vimeshazoea siprofloksasini. Homa ya nyuzi 38 au kutetemeka ndani ya siku chache baada ya kipimo hicho ni dharura: hospitali usiku huohuo, dawa za mshipani, si panado na kulala. Njia ya msamba ina maambukizi machache zaidi na inafika vizuri sehemu ya mbele ya tezi, ambayo sindano ya puru huikosa. Damu kwenye mkojo siku kadhaa na kwenye manii wiki kadhaa ni kawaida, mwambieni mke pia.

Kila kinyama kiwekwe kwenye chupa yake yenye jina la mahali kilipotoka. Vinyama 12 vikichanganywa kwenye chupa moja, pataloji (daktari anayesoma vinyama) atasema saratani ipo, hatasema iko wapi. Hapo tiba ya kulenga imeshakwama kabla ya kuanza.

#5 Kaskazi

Sasa twende kwa yule anayefaa tiba ya kulenga: daraja la 2, wakati mwingine la 3, PSA isizidi 15 hivi, uvimbe mmoja unaoonekana kwenye MRI, vinyama vilivyolengwa vimethibitisha palepale, na upande wa pili ni safi au una 3+3 kidogo tu. HIFU, kugandisha na umeme vinachaguliwa vipi? Mtu aliyeviona vikitumika atueleze, maana kwenye matangazo vyote ni "bila kisu, nyumbani siku hiyohiyo".

#6 Dkt_Msafiri

@Kaskazi Vinachaguliwa kwa mahali uvimbe ulipo. Jina la mashine lina uzito mdogo.

HIFU ni mawimbi ya sauti yanayokusanywa mahali padogo mpaka nyama inafika nyuzi 60 na kuendelea, inakufa papo hapo. Kifaa kinaingia kupitia puru. Mgonjwa husafishwa utumbo kwa enema, hulazwa kwa nusu kaputi au ganzi ya mgongo, maana akisogea milimita tano shabaha imepotea. Inafaa zaidi uvimbe wa nyuma, ule ulio karibu na puru. Uvimbe wa mbele kwenye tezi nene uko mbali, nguvu hufika pungufu. Adui mkubwa ni vijiwe vya chokaa ndani ya tezi: sauti inagonga na kurudi, nyuma ya kijiwe saratani inabaki hai, na joto lililorudi linaweza kuunguza ukuta wa puru. Kwa hiyo vijiwe vitafutwe mapema kwenye ultrasaundi. Mwenye njia ya haja kubwa iliyobana au iliyowahi kupasuliwa kifaa hakimwingii.

Kugandisha hutumia sindano zinazopita msambani zikiongozwa na ultrasaundi. Gesi ya agoni hushusha joto mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, inayeyushwa, inagandishwa tena. Mizunguko ni miwili, mmoja hautoshi. Ukingo wa donge la barafu unaoonekana kwenye skrini ni nyuzi sifuri tu na hauui. Eneo la kifo liko milimita kadhaa ndani ya ukingo huo. Ndiyo maana barafu lazima ivuke mpaka wa uvimbe, na hapo ndipo mishipa ya nguvu za kiume huumia kama uvimbe uko pembeni. Njia ya mkojo hulindwa kwa mpira unaozungusha maji ya uvuguvugu. Kugandisha hufaa uvimbe wa mbele ambao HIFU haiufikii.

Umeme, ule uitwao IRE, hutoboa kuta za seli kwa mipigo mifupi sana ya volti nyingi, hadi 3,000, kati ya sindano zilizosimama sambamba. Hauunguzi wala haugandishi, hivyo kuta za njia ya mkojo na mishipa ya jirani hustahimili zaidi, na ni chaguo zuri kwa uvimbe wa kileleni (ncha ya chini ya tezi) karibu na msuli unaozuia mkojo. Lakini lazima nusu kaputi kamili pamoja na dawa ya kulegeza misuli yote, la sivyo mwili mzima hurukaruka, na mipigo hufuatishwa na mapigo ya moyo. Mwenye betri ya moyo au mapigo yasiyo na mpangilio hafai. Sindano zikipinda na kuacha usambamba, katikati hubaki kisiwa kisichoguswa.

Kote huko huachwa ukingo wa ziada wa milimita 5 hadi 10 kuuzunguka uvimbe, kwa sababu MRI huonyesha uvimbe mdogo kuliko ulivyo. Kote huko tezi huvimba, hivyo mpira wa mkojo hukaa siku chache hadi wiki moja au zaidi kidogo. Baada ya kuutoa, vipande vya nyama iliyokufa hutoka na mkojo kwa wiki kadhaa, vinaweza kuziba ghafla. Asiyeweza kukojoa kwa saa kadhaa huku tumbo la chini linauma anahitaji mpira tena, leo, si kesho. Baadaye njia ya mkojo inaweza kupata kovu na kubana. Tundu kati ya puru na njia ya mkojo ni nadra, ila likitokea ni balaa la miezi mingi: dalili yake ni hewa au kinyesi kwenye mkojo, au mkojo kutoka nyuma.

Ufanisi: takwimu za Uingereza za wanaume 1,379 waliofanyiwa HIFU ya kulenga, zilizotoka 2022, zilionyesha asilimia 69 baada ya miaka saba hawakuhitaji tiba ya tezi nzima na saratani haikusambaa. Baadhi yao walirudiwa HIFU. Kwa hiyo takribani watatu kati ya kumi mambo hayakuishia hapo. Anayekwenda aende akijua hivyo.

#7 FizikiaMionzi

Naheshimu aliyoandika daktari, lakini naona uzi unakimbilia sindano na kusahau kwamba tiba isiyohitaji nusu kaputi wala ganzi ya mgongo ipo na ina ushahidi mzito zaidi ya hizo tatu. Ni mionzi ya dozi kubwa kwa vipindi vitano, SBRT.

Utafiti wa PACE-B, matokeo yaliyochapishwa 2024: wanaume 874, wote hatari ndogo au ya kati wasiozidi 3+4, bila homoni. Vipindi vitano vya jumla ya grei 36.25 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) dhidi ya mionzi ya kawaida ya wiki nyingi. Baada ya miaka mitano, waliobaki bila saratani kurudi ni asilimia 95.8 kwa vipindi vitano na 94.6 kwa ile ndefu. Usumbufu wa mkojo ulikuwa zaidi kidogo kwa vipindi vitano, asilimia 26.9 dhidi ya 18.3, wa haja kubwa ulikuwa sawa. PACE-A, utafiti mdogo, ulilinganisha na upasuaji: miaka miwili baadaye karibu nusu ya waliopasuliwa walikuwa wanavaa pedi, waliopigwa mionzi walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi.

Vitendo vyake: alama tatu au nne za dhahabu, ndogo kuliko punje ya mchele, huwekwa ndani ya tezi kwa sindano. Hukaa wiki moja ili kuvimba kunakoletwa na sindano kutulie, ndipo CT na MRI za kupangia zifanyike. Kila kipindi, kibofu kijae kwa kiasi kilekile (kojoa, kunywa maji yaleyale, subiri muda uleule) na puru iwe tupu. Gesi kwenye puru husukuma tezi milimita kadhaa na dozi ya siku moja hapa ni kubwa, kosa la siku moja ni sehemu ya tano ya tiba yote. Ndiyo maana mashine lazima ipige picha kabla ya kila kipindi, na nyingine hufuatilia alama hizo wakati mionzi inatoka. Kituo kisichoweza hivyo kisitoe vipindi vitano. Kitoe grei 60 kwa vipindi 20, ambayo ni tiba iliyothibitishwa na utafiti wa CHHiP mwaka 2016 na wala si ya daraja la pili.

Asiyefaa: mwenye mkojo unaotoka kwa shida sana, mwenye vidonda sugu vya utumbo mpana, aliyewahi kupigwa mionzi ya nyonga. Aliyekwanguliwa tezi karibuni asubiri miezi kadhaa apone.

Mbegu za ayodini-125 nazo zipo: 50 hadi 100 hivi zikipandwa msambani mara moja, grei 145, nguvu yake hupungua nusu kila siku 60 hivi. Tezi ikizidi ml 60 mfupa wa kinena huzuia sindano. Miezi miwili ya mwanzo mtoto asikae mapajani muda mrefu na mjamzito akae kando kidogo, kondomu itumike mara chache za kwanza kwa sababu mbegu inaweza kutoka na manii. Abebe kadi ya hospitali, baadhi ya vifaa vya uwanja wa ndege hulia.

#8 Kaskazi

Swali la mwisho kwa nyote wawili. Saratani ikirudi baada ya kila njia, mlango gani unabaki wazi? Na tutajuaje imerudi?

#9 Dkt_Msafiri

Baada ya tiba ya kulenga, PSA haishuki hadi sifuri kwa sababu tezi iliyobaki inaendelea kuitoa, na hakuna namba moja iliyokubalika duniani ya kusema "imerudi". Kinachoamua ni MRI na vinyama kati ya mwezi wa 6 na wa 12, kutoka eneo lililounguzwa na upande wa pili pia, hata kama PSA inapendeza. Anayeruka hatua hii hajamaliza tiba. Ikirudi, anaweza kurudiwa, kupigwa mionzi, au kupasuliwa. Upasuaji unakuwa mgumu zaidi kwa makovu lakini unafanyika.

#10 FizikiaMionzi

Baada ya mionzi, PSA hushuka polepole, mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, na katikati inaweza kuruka kidogo na kushuka yenyewe bila saratani yoyote. Kurudi ni pale inapopanda 2 juu ya kiwango cha chini kabisa iliyowahi kufika. Hapa lazima niseme ukweli: upasuaji baada ya mionzi ni mgumu, mkojo kuvuja ni wa kawaida sana, na wapasuaji wengi hawauthubutu. Kijana wa miaka 52 mwenye miaka 30 mbele yake alipime hilo kuliko mzee wa 74.

#11 Lakeside254

Kwa hiyo hapa Afrika Mashariki kinachopatikana ni nini?

#12 Mzizima

Mionzi ya mashine ipo Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta na KUTRRH (hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta) upande wa Kenya, Taasisi ya Saratani ya Uganda, na hospitali ya jeshi ya Kanombe Kigali. KUTRRH ina CyberKnife, mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya vipindi vichache vya dozi kubwa. PET, picha ya mwili mzima ya kutafuta kama saratani imetoka nje, inapatikana Nairobi. Tiba za kulenga ndizo huwapeleka watu wetu India na kwingine. Bima iulizwe kwa maandishi kabla ya tarehe, kwa jina kamili la tiba na idadi ya vipindi.

Atakayesafiri, kabla hajalipa apate kwa barua pepe majibu ya haya: daktari mwenyewe amefanya ngapi za aina hiyo, nani atasoma upya vinyama, nani atatoa mpira wa mkojo na wapi, na MRI ya mwezi wa sita itafanywa wapi na isomwe na nani. Kama jibu la swali la mwisho ni "rudi kwetu", weka nauli hiyo kwenye bajeti tangu sasa. Asipande ndege ya kurudi akiwa na mpira bila mfuko wa akiba na barua ya daktari, wala siku ya kwanza baada ya kuutoa.

Abebe CD ya MRI yenye picha zote, siyo karatasi ya ripoti tu, na bloku za nta za vinyama pamoja na slaidi. Gleason hubadilika ikisomwa na pataloji mwingine, na 3+3 ikigeuka 4+3 mpango wote unabadilika. Bloku ziombwe kwa barua maabara angalau wiki mbili kabla, zifungwe kwenye kisanduku kigumu, ziende kwenye begi la mkononi, na zisiachwe kwenye gari juani, nta inayeyuka.

#13 Lakeside254

Nimeelewa. MRI kwanza, HIFU tunaiweka kando. Nikipata majibu nitaweka namba zote hapa, PSA, ujazo, PI-RADS na mahali uvimbe ulipo.

#14 Nesi_Wodi_ya_Mkojo

Weka na orodha ya dawa anazomeza. Kama kuna finasteraidi humo, ile 6.1 tuisome upya.